Mlima Uliochelewa Kushuka

Siku yangu ya kwanza kazini, Madamu Voahangy alimwaga kopo la mchanga mkavu juu ya meza yake na kuniambia niutazame. Mchanga ulijikusanya ukawa kichuguu, pande zake zikateremka kidogo, zikatulia. Akaongeza mchanga juu. Pande zikateremka tena, zikatulia kwa mlalo uleule.

"Kila rundo lina mlalo wake," alisema. "Ukilizidishia, linajirekebisha lenyewe. Halikuombi ruhusa."

Kisha akanyunyiza maji kidogo, akajenga kwa viganja ukuta wima kama wanavyojenga watoto pwani, nao ukasimama. Akamimina maji yote yaliyobaki. Ukuta ukawa uji, ukatambaa hadi ukingoni mwa meza, ukadondokea viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimeviazima.

"Hiyo ndiyo kazi," alisema. "Mengine ni kutembea."

Nimetembea tangu mwisho wa miaka ya sabini mpaka juzi juzi nilipostaafu. Kijana mmoja mhandisi kutoka Tanga, aliyekuja kwetu kwa mafunzo katika mwaka wangu wa mwisho, aliniomba niwaandikie yeye na wenzake niliyoyaona. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara ilifuata mfano wake. Kiswahili changu ni cha babu yangu, aliyekuwa akifanya biashara Zanzibar na Kilwa. Nyumbani Mahajanga tulisema Kikomoro, mtaani Kimalagasi, ofisini Kifaransa. Kwa hiyo mazungumzo ya humu mengi hayakusemwa kwa lugha hii, na mkikuta mahali nimekwama kama gari matopeni, nisukumeni.

Nilipata kazi katika idara ya barabara ya Mahajanga wakati nafasi nyingi zilikuwa wazi, kwa sababu ambayo hatukuizungumza. Muda si mrefu kabla ya hapo mji ulikuwa umepata ghasia kubwa dhidi yetu sisi watu wa asili ya Komoro, na wengi wa waliosalimika walirudishwa visiwani. Baba zangu wadogo waliondoka na nguo walizovaa. Mimi na mama tulibaki kwa kuwa mama alikataa kupanda chombo chochote. Msimu mmoja haukuisha, nyumba za baba zangu wadogo zikawa na mapazia mengine na sauti nyingine. Sikuwachukia walioingia. Nyumba tupu ni kama shimo ulilochimba pwani: ukigeuka kidogo, maji yameshalijaza.

Madamu Voahangy alikuwa mkuu wa sehemu ya udongo. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka nyanda za juu, amesomea uhandisi ng'ambo, mwenye sauti iliyokaushwa na sigara na subira ndogo kwa watu waliokaa. Hakuniuliza ukoo wangu. Aliniuliza kama nina magoti mazima.

Chombo chetu kikuu kilikuwa keke ya udongo: bomba lenye meno, na juu mpini wa msalaba unaozungushwa na watu wawili mpaka wachoke au wafike kwenye jiwe. Udongo tuliouchomoa tuliufunga kwa nta ya mishumaa usipoteze maji yake kabla ya kufika maabara. Miaka hiyo vipuri na vifaa vilikuwa adimu, lakini mishumaa ilipatikana, na mwenye duka jirani, Mhindi mcha Mungu, aliamini kwa muda mrefu kwamba idara nzima imebatizwa.

Nje ya Mahajanga vilima vyekundu vina vidonda ambavyo Wamalagasi huviita lavaka. Ni makorongo yanayoanzia chini na kukila kilima kwenda juu, mvua hadi mvua, mpaka barabara iliyopita kileleni inajikuta inaning'inia. Madamu alinisimamisha kwenye ukingo wa korongo moja na kuniuliza kwa nini linapanuka. Nikasema ni mvua.

"Mvua inanyesha kila mahali," alisema. "Tazama tena."

Ilinichukua muda. Kila kilichoko juu kinaitwa kishuke, mchana kutwa na usiku kucha. Mvutano wa dunia haupumziki hata siku ya Idi. Kinachokizuia ni mshiko tu, punje kwa punje, tabaka kwa tabaka, mizizi kwa udongo. Maji yakiingia hufanya mambo mawili kwa pamoja: huongeza uzito na hupunguza mshiko. Na ukiuondoa mguu wa kilima, iwe ni mto umeuondoa au ni mtu mwenye koleo, tumbo halina pa kuegemea. Tangu siku hiyo nimezoea kuanza kutazama mlima kwenye nyayo zake. Nawashauri nanyi mfanye hivyo, hata kama wakubwa wenu watasimama kileleni kwa ajili ya picha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa Nosy Be kutunza barabara za kisiwa. Kisiwa kile ni mwamba wa volkano uliooza. Jiwe jeusi likikaa miaka na miaka chini ya mvua na jua hulegea, likawa udongo mwekundu laini, hali bado lina sura ya jiwe mpaka ulichome kidole. Chini yake kuna jiwe ambalo halijaoza. Maji hupenya udongo, hufika kwenye jiwe, hukosa njia, basi huanza kutembea katikati ya hivyo viwili. Kuanzia hapo kilima kizima kimekalia utelezi.

Mwaka huo lami ilipasuka kwenye barabara iendayo Andilana, mahali inapopita juu ya kitongoji kimoja cha wavuvi. Jina lake silitaji; wenyewe wangali hai na wamechoka kutajwa. Ufa ulikuwa umejikunja kama mwezi mwandamo, pembe zake zikielekea baharini. Nilishuka kitongojini kutafuta kama kuna ufa mwingine huko chini. Katika nyumba ya kwanza mlango ulikuwa umekwama, na ndani mtu alikuwa akiupiga mateke.

"Vuta!" sauti ya msichana iliniambia, kabla hata ya salamu.

Nikavuta, akasukuma, mlango ukafunguka ghafla nusura tuangukiane.

"Kila msimu wa mvua hukwama," alisema akitweta. "Baba aliuranda kila mwaka mpaka akafa. Sasa umebaki mwembamba kama ubao wa chuoni."

Mlango unaorandwa kila mwaka na bado unakwama si kosa la seremala. Ardhi ya upande mmoja imesogea, na fremu imeifuata. Nilitoa futi nikaanza kupima pembe za nyumba, naye akasimama ananitazama kama mtu aliyemfungulia mwendawazimu. Huyo ndiye Hadija. Tulioana mwaka uliofuata, na ofisini wakasema hiyo ndiyo ziara ya ukaguzi ndefu kuliko zote katika historia ya idara.

Mama yake, Bi Zaliha, alikuwa mjane anayetarizi vitambaa vyeupe ambavyo binamu yake aliwauzia wageni wa kisiwa jirani cha Nosy Komba. Alitarizi barazani, uso kwa bahari, na aliweza kukusema mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho wala kukosea tundu.

Nilipigilia vigingi viwili viwili, kimoja juu ya ufa na kimoja chini yake, nikawa napima nafasi kati yao. Kiangazi nafasi haikubadilika. Msimu wa mvua iliongezeka upana wa kidole, mwaka mwingine upana wa kiganja. Watu hudhani mlima una hali mbili tu, umesimama au umeanguka. Mingi iko katikati: inatambaa. Pale kitongojini minazi yenyewe ilionyesha. Mashina yaliinamia bahari, kisha yakajikunja kwenda juu, kama mtu aliyekaa chini anayetaka kuinuka.

Katikati ya miaka hiyo ulikuja msimu ambao mvua haikujua kukatika, na ufa wa juu ukafunguka mpaka mguu wangu ukaweza kuingia. Nikapeleka habari Mahajanga. Madamu Voahangy akaja kwa meli, akapanda kilima peke yake, akashuka ametapakaa matope hadi kiunoni, akaketi barazani kwa Bi Zaliha. Wanaume wa kitongoji walisimama uani, wanawake mlangoni.

"Mama," Madamu alisema, "kilima kimeshakatika huko juu. Kilichobaki ni siku tu, na siku hiyo mimi siijui."

"Sisi huwa tunaijua," Bi Zaliha alijibu, sindano mkononi. "Ile chemchemi nyuma ya msikiti ikinyamaza hali mvua inanyesha, tunakwenda kulala kwa ndugu zetu ng'ambo ya kijito. Ikisikika tena, tunarudi. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake."

"Ndivyo nilivyofundishwa na mimi," Madamu alisema, na nilimwona amefurahi, kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. "Maji yakikosa pa kutokea hubaki ndani na kuuinua udongo. Ni dalili ya kweli, mama. Lakini safari moja itanyamaza watu wote wakiwa usingizini. Hameni; tumewatafutia mahali."

"Na huko mnakotupeleka, kuna bahari?"

Huko tulikochagua kulikuwa na uwanda, upepo na mashamba ya miwa.

Bi Zaliha alinigeukia mimi. "Wewe, kama usingekuwa mkwe wangu, ungesema nini?"

"Ningesema vilevile, mama."

"Basi tutahama. Nikikataa, utakuwa ulinionya, na mimi sitaweza kuishi na mkwe wa namna hiyo."

Wengine walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichowahamisha. Bila yeye wasingeondoka. Walibeba milango, mabati, masufuria, kuku waliofungwa miguu. Walifungua hata mbao za mimbari. Misingi ya mawe ilibaki, na minazi, na birika la msikiti lililojengwa kwa chokaa na matumbawe, kwa kuwa halikubebeka. Katika taarifa yake Madamu aliandika kwamba hatukuacha mtu hata mmoja. Tulijivunia sana sentensi hiyo.

Mlima haukuanguka.

Haukuanguka msimu huo, wala uliofuata, wala uliofuata huo. Mvua zilipungua, ufa ukaota nyasi. Huko uwandani wavuvi walitembea kwenda baharini na kurudi, kisha wakaanza kuchelewa, kisha mmoja mmoja wakauza nyavu na kwenda kukata miwa. Bi Zaliha aliacha kutarizi. Alisema uwandani hakuna mwanga. Mimi sijapata kuona mahali penye mwanga zaidi.

Alifariki baada ya miaka michache. Alikuwa ameomba azikwe kule chini, karibu na mumewe, tukamteremsha. Ilikuwa kiangazi, kilima kimesimama kijani kibichi, hakina hata kovu. Tulipomaliza kufukia, mzee mmoja wa kitongoji alinijia akakung'uta mikono.

"Mlima wako hajambo, Madi?" aliuliza kwa upole, kama anayemwulizia mtu habari za mkwewe.

Jina la mkwe wa mlima nilipewa siku hiyo, na lilinikaa.

Hadija hakuwahi kunigombeza kwa jambo hilo. Alilisema mara moja tu, tukiwa jikoni, akichambua mchele.

"Ungeanguka tu," alisema.

"Nini?"

"Mlima. Mama angalau angekufa anajua kwa nini."

Kuna misimu nilitamani uanguke. Nanyi mtakutana na tamaa hiyo, kutaka baya litokee ili hesabu yako iwe ya kweli. Sina dawa yake. Ikija, itambueni kwa jina lake, msije mkadhani ni bidii ya kazi.

Baadaye nilirudishwa Mahajanga, nikakaa miaka kadhaa kwenye barabara za huko, nikizuia udongo mwekundu usiingie mitaroni. Kama nilivyofundishwa, nilijenga kuta zenye matundu ya kutolea maji, na nikabishana na wakandarasi walioyaona matundu hayo kuwa kasoro na kuyaziba kwa saruji ili ukuta upendeze. Ukuta usiotoa maji ni bwawa lisilojua kuwa ni bwawa. Niliuona mmoja uliozibwa ukilala chali baada ya mvua moja, umependeza vilevile.

Niliporejea Nosy Be kisiwa kilikuwa kimebadilika. Ambatoloaka, ambayo niliiacha kijiji cha pwani, ilikuwa safu ya hoteli na baa, na kila hoteli ilihitaji wapishi, wafuaji, walinzi, watu wa boti. Walitoka bara, kusini na nyanda za juu, na hawakuwa na ndugu kisiwani wa kuwapa kiwanja. Nikapita barabara ya Andilana siku ya kwanza ile ile, nikasimamisha gari mahali pa ufa.

Kitongoji kilikuwa kimejaa. Juu ya kila msingi wa zamani palikuwa na nyumba ya mianzi na majani ya ravinala, mti wa huko mfano wa mgomba. Kamba za nguo zilifungwa kwenye minazi iliyopinda. Mguuni mwa kilima wajenzi walikuwa wamechota udongo wa kufyatulia matofali, wakaacha ukuta mwekundu wima, mrefu kuliko mtu.

Mimi ni mtoto wa Mahajanga. Nilishaona nyumba tupu zinavyojaa. Nilisimama pale barabarani nikawakumbuka baba zangu wadogo na mapazia yale.

Nilishuka. Nyumba iliyosimama pa Bi Zaliha ilikuwa ya kijana aitwaye Zafy, mpishi wa hoteli moja ya Ambatoloaka, na mkewe Soa, aliyeuza maandazi barabarani. Walinipa kigoda na chai. Niliwaeleza yote: jiwe, udongo, maji katikati, ufa. Zafy alisikiliza vizuri, kama mtu anayepokea maagizo ya jikoni.

"Wenyeji wametusimulia," alisema. "Mliwahamisha, na mlima haukuanguka."

"Haujaanguka bado."

"Mzee Madi, mimi nakuamini. Sasa niambie, nihamie wapi?"

Nilianza kutaja uwanda, nikaacha. Uwanda wa kwanza tuliugawa kwa familia zilizohamishwa, na mwingine haukuwepo. Soa aliniongezea chai. Alisema pale pazuri, watoto wa jirani wanacheza pwani, na hoteli imewapa bomba la maji kutoka tangi lake, hawahangaiki.

Nilitoa taarifa ofisini. Idara ikaleta kibao cha bati chenye maandishi ya hatari. Baada ya muda nilikikuta kimeezekea banda la kuku, maandishi yakitazama mbinguni, ambako labda ndiko yalikosomwa. Niliomba vigingi vipya, nikaahidiwa. Niliomba kiwanja kwa ajili ya wale watu, nikaambiwa hawapo: kwa karatasi, kitongoji kile kilikwishahamishwa.

Mvua iliyokiangusha kilima ilikuwa ya mkia wa kimbunga, haikuwa na upepo wa kutisha hata kidogo. Ilinyesha tu kwa utulivu, siku baada ya siku. Asubuhi moja, wafanyakazi wa hoteli walipokuwa wameshakwenda zamu zao, dereva wa lori alikuja ofisini kwetu Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, miguu mitupu, akasema barabara ya Andilana imekwisha. Hakusema imekatika.

Nilifika nikakuta mlima uko mahali pengine. Pale juu palikuwa na ukuta mwekundu mpya, unang'aa maji. Chini udongo ulikuwa bado unasogea, taratibu, kama uji unaotafuta ukingo wa sahani. Minazi ilisimama wima ndani yake, ikisafiri. Mizizi ilikatika chini kwa sauti ya nguo inayopasuliwa. Niliwazuia watu wasiingie mpaka udongo utulie kabisa. Hilo ndilo agizo gumu kuliko yote niliyotoa katika kazi yangu, kwa sababu tulikuwa tukisikia watu.

Watu wa uwandani walishuka bila kuitwa. Walikuja na sururu, koleo, majembe ya miwa. Hadija alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nikitazama tope tupu. Yeye alikuwa akiona kitongoji. Wageni walikuwa wamejenga juu ya misingi ileile, na yeye aliijua yote.

"Hapa kwa Bi Mariamu," alisema, akionyesha kwa mkono. "Udongo umeusukuma msingi, chimbeni chini kidogo ya hapo. Pale msikiti. Birika! Chimbeni penye birika!"

Ukingo wa birika ulikuwa umezuia boriti, na chini yake wakapatikana wawili hai, mwanamke mmoja na mtoto wa jirani yake. Wengine tuliowatoa hawakuwa hai. Sitataja idadi, waliozoea kuitaja waliitaja vya kutosha redioni.

Zafy alikuja na nguo zake nyeupe za mpishi, akachimba kwa sufuria mpaka mtu akampa koleo. Soa alipatikana alasiri, mahali ambapo zamani palikuwa jiko la mama mkwe wangu. Hadija alivua mtandio wake akamfunika. Nilikaa kando ya Zafy juu ya shina la mnazi.

"Ulitueleza," alisema yeye.

"Mara moja tu. Ningerudi tena na tena."

"Mara moja ilitosha, mzee. Nilisikia." Alijifuta uso kwa mkono wenye tope, akauchafua zaidi. "Sikuwa na pengine."

Siku zilizofuata nilikwenda hospitali kumwona yule mwanamke aliyeokolewa birikani. Nilitaka kujua jambo moja. Nikamwuliza kama kabla ya mlima kushuka, mvua ikinyesha, chemchemi ilikuwa imekauka.

Alinitazama kwa uchovu, akijaribu kunisaidia.

"Chemchemi ipi?" aliuliza.

Walikuwa na bomba. Chemchemi ilikuwa nyuma ya msikiti uliobomolewa, katikati ya magugu, na hakuna aliyekuwa na haja ya kufika huko. Wale waliozijua tabia zake tulikuwa tumewapeleka uwandani, mahali salama.

Nilipopata nafasi nilikwenda Mahajanga kumwona Madamu Voahangy. Alikuwa amestaafu, anakaa karibu na binti yake, haruhusiwi sigara, ana hasira na kila mtu kwa sababu hiyo. Alikuwa ameshasikia. Hakuniuliza ukubwa wa maporomoko, ambalo ndilo swali la kwanza la watu wa fani yetu.

"Na chemchemi?" aliuliza.

"Sijui, Madamu. Hakukuwa na mtu wa kuisikiliza."

Mjukuu wake alileta kahawa, ikapoa mbele yetu.

"Unakumbuka nilivyoandika?" alisema mwishowe. "Hatukuacha mtu hata mmoja."

"Nakumbuka."

"Tungemwacha mmoja, Madi. Hata ng'ambo ya kijito. Mmoja tu wa kukaa pale na kuwaambia watakaokuja." Aligeuza uso. "Tulidhani watu ndio waliokuwa hatarini. Kumbe ni mahali, na mahali hapakai patupu."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya mwisho kumwona. Alifariki kabla sijastaafu, nami sikuwahi mazishi yake, kwa kuwa barabara ya kwenda kwao nyanda za juu ilikuwa imekatwa na udongo. Angecheka sana.

Zafy sasa anaishi uwandani, karibu na shemeji zangu. Bado ni mpishi. Siku za kumbukumbu ya mkewe hupika chakula kwa ajili ya watu wote wa pale, wenyeji na wageni, na hula mwisho.

Nilipokabidhi ofisi walinipa keki na saa ya ukutani. Tulipofika nyumbani Hadija aliiweka saa juu ya kabati, akaniuliza tutafanya nini na siku zote hizi.

"Unataka nini wewe?"

"Nataka kurudi," alisema.

Nilimweleza alichokuwa akikijua, kwamba kile kilichobaki juu kimekaa vibaya, na kitashuka tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakumaanisha chini ya mlima. Alimaanisha ng'ambo ya kijito, walikokuwa wakilala zamani, kwenye jiwe lisilooza. Nikaenda na keke yangu ya kazini, ambayo idara ilisahau kuidai, nikatoboa mpaka nikagonga jiwe kila mahali. Tukajenga vyumba viwili na baraza.

Na kule upande wa pili, chini ya mlima, watu wengine wamekwisha kuja. Siwalaumu. Udongo ule mpya ni mzuri kwa mihogo, bahari ni ileile, na Ambatoloaka bado inaajiri. Nilikwenda kwa mkuu wa eneo, nikamwandikia na wa mkoa. Wote wamekubaliana nami, na hakuna kilichofuata. Basi kila msimu wa mvua ukikaribia, mimi na Hadija tunavuka kijito, tunakaa nyumba kwa nyumba, tunakunywa chai ya watu, tunauliza majina ya watoto, tunawasimulia mlima na chemchemi yake. Wengine wanatuonea huruma, wazee wawili wenye habari moja.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kijana kutoka kule, ana mimba, ameshika bakuli, anarudisha chumvi aliyoazima kwetu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Alisimama uani akitazama kilima, kisha nyumba yetu.

"Siku mtakayotuambia tuondoke," alisema, "tuje wapi?"

"Hapa," Hadija alimjibu.

"Wote?"

"Wote. Njooni na watoto, vyombo acheni."

Alipoondoka nilimwambia Hadija kwamba nyumba hii haiwatoshi watu wale. Ni kazi yangu kujua kitu kinabeba kiasi gani, na nilishapiga hesabu: hata tukitoa kitanda na kabati, hata baraza ikijaa, hawana pa kulala.

"Watasimama," alisema Hadija, akaenda uani kuanua nguo kabla mvua haijakolea.